Nyika Iliyokuwa Bahari

Katika adabu za kale za Wachagga, ambazo Machame ilizishika kwa taadhima kubwa hata zama za babu zetu, imo moja ya njiani ambayo mgeni aghalabu hupita asiitambue. Mtu akikutana na aliyemzidi umri au hekima katika vijia vile vyembamba vinavyopenya baina ya vihamba, yaani mashamba yetu ya migomba, na mifongo, yaani mifereji ya maji, ilimpasa kumwachia upande wa juu, yaani upande wa Kibo, kilele cha mlima wetu wa Kilimanjaro, na yeye mwenyewe kushika upande wa chini unaotazama nyika. Wala desturi hii haikuwa peke yake, kwani upande wa boma uliokabili Kibo ndio uliokuwa wa heshima na wa kukutania watu, na hata maiti walizikwa nyuso zao zikielekezwa huko. Juu ndiko yatokako maji, mvua na uhai. Chini ndiko liliko joto kali, na homa, na simba, na njia walizojia maadui. Hivyo ndivyo mlima ulivyopewa daraja ya mzee, na nyika ikashushwa ikawa mahali pa kuendea kwa haja tu, na haja ikiisha watu hupanda hima kurudi migombani.

Nami nakusudia kusema, bila ya kuwavunjia heshima wahenga wetu, ambao katika mambo ya maji na migomba na uongozi wa watu walikuwa na maarifa mengi, kwamba katika jambo hili la umri hawakuwa na njia ya kuijua kweli, kwa sababu miaka ya mawe haisomeki usoni kama miaka ya binadamu. Mlima wetu ni kijana, na nyika ile tuliyoidharau ndiyo mzee, tena mzee aliyetangulia kwa dahari nyingi hata mlima ukimfikiria hauwezi kumkadiria. Na hazina iliyotoka katika nyika hiyo, iliyoanza kujulikana ulimwenguni mwaka 1967, asili yake ni matope yaliyotua kimya kimya chini ya bahari, zamani ambazo duniani hapakuwa na samaki wala jani moja juu ya nchi kavu.

Mtu akisimama Nkwarungo, huko Machame, pale ambapo wamisionari wa Leipzig walijenga kituo chao mwaka 1893, akaupa mlima kisogo na kuelekeza macho kusini, huona kwanza migomba na mikahawa ikiteremka kwa matuta, kisha Boma Ng'ombe, kisha uwanda mkavu wa Sanya ambako vumbi huinuka kama moshi wa mapishi, na uwanja wa ndege wa Kilimanjaro uliofunguliwa mwaka 1971. Ng'ambo ya uwanja huo, siku ambayo anga ni safi, huonekana vilima vya kijivu visivyo na haiba yoyote, vyenye miiba na mawe, ambavyo jina lake ni Lelatema. Chini ya vilima hivyo ipo Mererani, katika nchi ya Wamaasai ya Simanjiro. Msitu ulio juu ya Machame hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na kule chini, mwendo wa saa chache tu kwa gari, mvua ni haba kiasi ambacho mahindi huota kwa bahati na ng'ombe hufuata maji kwa siku nzima. Huyu ndiye jirani yetu ambaye kwa karne nyingi tulimtazama kutoka juu.

Na tuanze na mlima, maadamu ndio uliotulea. Johannes Rebmann, mmisionari wa Kijerumani aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima huu ukiwa na theluji kileleni tarehe 11 Mei 1848, na mwanzoni mwa mwaka 1849 akafika Machame kwenyewe, kwa mtawala wake, Mangi Mamkinga. Habari zake za theluji zilipofika Ulaya walitokea wenye elimu waliozikanusha, wakisema kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1861 akaja Baron Karl Klaus von der Decken, akifuatana na kijana wa Kiingereza aitwaye Richard Thornton, ambaye alikuwa mwanajiolojia na hapo kabla alikuwa amesafiri na Livingstone katika mto Zambezi. Hawakupanda mbali, kwani mvua na ukungu viliwarudisha wakiwa bado msituni, lakini Thornton aliyaangalia mawe ya njiani kwa jicho la ujuzi wake, akathibitisha kwamba mlima huu ulijengwa na volkano. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa mlima wetu kuulizwa umri wake na mtu aliyejua namna ya kuuliza.

Jibu kamili lilikuja baadaye sana. Wataalamu wa leo wanatuambia kwamba Kilimanjaro ni volkano tatu zilizoungana mabega: Shira, iliyo ya kwanza na ambayo sasa imebomoka ikabaki kama uwanda wa juu, ilianza kutoa moto wake kiasi cha miaka milioni 2 na nusu iliyopita, Mawenzi ikafuata, miaka milioni 1 hivi iliyopita, na Kibo, huyu tunayemwachia upande wa juu wa njia, ni mdogo wao wote, kwani alianza kuinuka kiasi cha miaka laki 5 iliyopita. Machame yenyewe imekaa juu ya mawe na majivu yaliyomwagika kutoka Shira na Kibo, na rutuba yote ya vihamba vyetu ni hidaya ya majivu hayo. Hesabu ya miaka laki 5 ni kubwa kwa binadamu, ambaye akifika 90 huhesabiwa kuwa amejaaliwa. Lakini kwa mawe ni umri wa mtoto ambaye bado yuko mgongoni.

Sasa lipo jambo ambalo aghalabu hatuliwazi. Volkano haizaliwi hewani, bali hupasua ardhi iliyokuwapo na kukaa juu yake. Ardhi hiyo ambayo Kibo ameikalia, na ambayo imefunikwa na majivu yake pande zote za Machame na Moshi, hujitokeza tena pale majivu yanapoishia: kwa upande wa kusini-mashariki hujitokeza katika milima ya Upare, na kwa upande wa kusini katika vilima vya Lelatema. Kwa hiyo nyika ni sakafu, na mlima ni mgeni aliyeingia usiku akaweka mzigo wake juu ya sakafu ya mwenyewe.

Sakafu hiyo ilitandikwaje? Inatupasa tuiweke mbali kabisa sura ya nyika tunayoijua, na mahali pake tuone bahari. Zamani za zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, mabara hayakuwa na umbo hili, na mahali ilipo Afrika ya Mashariki leo palikuwa na maji ya chumvi baina ya vipande vya nchi vilivyokuwa bado havijaungana. Katika kingo za bahari hiyo mito iliteremsha mchanga na udongo, vikatua tabaka juu ya tabaka. Mahali pengine ikajengeka chokaa. Na mahali ambapo maji yalituama bila ya hewa, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho vilikufa vikazama, visioze vikaisha, bali vikachanganyika na matope mpaka matope yakawa meusi. Mwenye kihamba anaijua kazi hii kwa mfano mdogo, kwani majani makavu ya mgomba yakilazwa shinani mwaka hata mwaka huugeuza udongo kuwa mweusi na mzito; na hivyo ndivyo bahari ile ilivyojifanyia samadi yake, isipokuwa yenyewe haikuwa na mkulima wa kuigeuza kwa jembe. Matope meusi ya namna hii yana tabia ya kuvuta na kushika madini haba yaliyomo majini, na mojawapo ya hayo ni vanadi, ambayo kiasi chake katika maji ya bahari ni kidogo mno. Mwamba unaotokana na mashapo kama hayo, yaani matope na mchanga uliotua, huitwa mwamba wa mashapo, nao peke yake hauna uzuri wa kumvutia mtu kuuokota.

Kisha ikaja zamu ya moto. Vile vipande vya nchi vilivyokuwa vimetengana vilisogeleana kwa mwendo wa pole usioweza kuhisika, mpaka vikagongana, bahari iliyokuwa kati yao ikafungwa, na ndipo lilipoundwa lile bara kuu la kale ambalo wataalamu wamelipa jina la Gondwana. Mahali pa mgongano huo, ambapo leo huitwa Ukanda wa Msumbiji kwa kuwa unatokea Msumbiji ukapanda kaskazini kupitia Tanzania na Kenya, paliinuka milima mikubwa ambayo yote imekwisha kumomonyoka, na matabaka ya matope na chokaa yakazamishwa chini kilomita nyingi, yakakunjwa kama nguo zinavyokunjwa na kusukumwa sandukuni, yakapikwa kwa joto la mamia ya nyuzi na kukandamizwa kwa uzito usiokadirika. Chokaa ikawa marumaru. Udongo ukawa mwamba mgumu wenye mistari, uitwao naisi. Na mabaki ya vile viumbe vidogo, yaliyoufanya mwamba kuwa mweusi, yakabaki kuwa kaboni tupu, laini na yenye kung'aa, madini ambayo sisi huyaita kinywe, ndiyo yale yale yaliyomo ndani ya kalamu ya risasi.

Mwishoni mwa mapishi hayo, katika zama ambazo wataalamu wengine wamezipima kuwa miaka milioni 585 iliyopita, maji ya moto yaliyobeba madini yalipenya katika nyufa za naisi ile yenye kinywe. Huko yalikutana na kalisi kutoka katika matabaka ya chokaa, na alumini na silika kutoka katika udongo, na ile vanadi iliyokuwa imehifadhiwa tangu siku za bahari. Katika mikunjo na mianya ya mwamba, fuwele zikaanza kukua. Nyingi zilikuwa za rangi ya kahawia, zisizo na mvuto. Chache zilikuwa za samawati. Kisha vyote vikatulia gizani, na milima iliyokuwa juu yao ikaliwa na mvua na upepo kwa mamia ya mamilioni ya miaka, mpaka kilichokuwa chini kabisa kikafika karibu na uso wa ardhi. Wakati huo wote Kibo hakuwako.

Wala haifai kudhani kwamba wazee wetu hawakupata chochote kutoka katika sakafu hiyo kongwe kabla ya mwaka 1967. Walipata, na kwa namna iliyogusa maisha yao ya kila siku kuliko kito chochote, kwa sababu katika mawe ya volkano ya Machame hapana chuma cha kuyeyushwa, ilhali jembe na mkuki na sime havifanyiki kwa udongo. Chuma kilitoka Upare. Milima ya Ugweno na Usangi ni ya miamba ile ile ya kale iliyopikwa, na ndani yake zimo punje nyeusi za chuma ambazo mvua huziosha na kuziacha vijitoni kama mchanga mzito. Mchanga huo ulikusanywa na kuyeyushwa katika tanuri kwa mivuo ya ngozi, na katika Ugweno kazi hiyo ilikuwa mkononi mwa ukoo wa Washana, ambao kwa ajili ya ujuzi huo walikuwa na mamlaka ya nchi kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Chuma kilipanda Uchaggani kwa biashara, na wahunzi wa Kichagga, watu walioheshimiwa na kuogopwa kwa pamoja, wakakifua. Hata misafara ya pwani ilipoanza kuleta waya wa chuma wakati wa biashara ya pembe, kazi ya mhunzi iliendelea, ila tu mali ghafi yake ilibadilika.

Kitu cha pili kilikuwa magadi. Haya ni mashapo nayo, lakini ni mashapo machanga ambayo hadi leo yanazaliwa mbele ya macho yetu, na anayetaka kuelewa namna bahari kavu inavyoacha mwamba, huko ndiko mahali pa kujifunzia. Katika Bonde la Ufa, kaskazini-magharibi mwa mlima wetu, maji ya chemchemi za moto yenye chumvi za magadi huingia katika maziwa yasiyo na njia ya kutokea, yaani Natron kwa upande wa Tanzania na Magadi kwa upande wa Kenya. Jua huyanywa maji, na chumvi hubaki ikijijenga tabaka juu ya tabaka, hata katika ziwa Magadi unene wake umefikia makumi ya mita. Mwaka 1911 ilianzishwa kampuni ya kuyachimba, na reli ikajengwa kwa ajili ya mzigo huo peke yake. Lakini kabla ya reli na kampuni, magadi yalikwisha kupanda hadi jikoni kwetu: bila ya magadi maharage hayalainiki upesi, na kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage, hukosa ile ladha yake ambayo Mchagga aliye ugenini huikumbuka kuliko nyama. Tumbaku ya kunusa nayo ilitaka magadi, na ng'ombe pia walipewa wailambe. Katika masoko ya mipakani wanawake wa Kichagga walitoa ndizi na nafaka, na wanawake wa Kimaasai wakatoa maziwa, ngozi na magadi. Kwa hiyo hata katika miaka ambayo mdomo ulisema kwamba nyika ni mahali pa mauti, chungu kilikuwa kikiitegemea.

Hata ukafika mwaka 1967, mwaka ambao taifa lilitangaziwa Azimio la Arusha, na ambao katika vilima vya Mererani viliokotwa vijiwe vya samawati ambavyo hakuna aliyekuwa na jina lake. Habari za uvumbuzi huo zina milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa Jumanne Mhero Ngoma, Mtanzania aliyeviona vijiwe hivyo na kuvipeleka kwa wataalamu, na ambaye tarehe 6 Aprili 2018, akiwa mzee sana, alitambuliwa hadharani na Rais John Magufuli kuwa ndiye mvumbuzi, akaahidiwa shilingi milioni 100. Alifariki dunia mwanzoni mwa mwaka 2019. Mlango wa pili ni wa Manuel de Souza, fundi cherehani wa Arusha mwenye asili ya Goa, aliyekuwa na ghera ya kutafuta madini siku zake za mapumziko, ambaye mwaka huo huo wa 1967 aliandikisha eneo lake la uchimbaji, naye alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1969. Wamaasai wenyewe, na hasa wauzaji wa vito, husimulia kwamba moto wa nyika ulioanzishwa na radi uliyapitia mawe ya kahawia yakageuka samawati. Hadithi hiyo, iwe ilitokea au haikutokea, imebeba kweli ndani yake, maana fuwele nyingi hutoka ardhini zikiwa za kahawia, na fundi huzitia katika joto la nyuzi kama 500 au 600 ndipo ile rangi ya samawati, iletwayo na vanadi ya kale, hudhihirika.

Wataalamu walipolipima jiwe waliligundua kuwa ni zoisaiti, madini yaliyokwisha kujulikana tangu mwaka 1805 katika milima ya Austria, yakaitwa kwa jina la mwungwana Sigmund Zois, lakini hayakuwahi kuonekana yakiwa na rangi kama hii. Ukilizungusha mkononi, jiwe hilo hilo huonekana samawati upande mmoja, zambarau upande wa pili, na jekundu la kiza upande wa tatu. Mwaka 1968 nyumba ya vito ya Tiffany ya New York, kwa shauri la Henry Platt, ililipa jina la tanzanite, kwa kuwa jina la zoisaiti halikufaa kwa biashara. Na hivyo kitu chenye umri wa miaka milioni mia tano na zaidi kikabatizwa kwa jina la nchi, ambalo lenyewe lilitungwa mwaka 1964. Na kwa kuwa matope yale meusi, na chokaa ile, na maji yale ya moto, vilikutana kwa kadiri ile mahali pale peke yake, hadi leo jiwe hili halijapatikana penginepo pote duniani kwa wingi wa kuchimbika kwa tijara, isipokuwa katika ukanda mmoja wa Mererani wenye urefu wa kilomita 7 hivi na upana wa kilomita 2. Karibu na hapo, huko Komolo, mwaka huo huo wa 1967, mwanajiolojia Campbell Bridges alipata kito cha kijani ambacho baadaye kiliitwa tsavoraiti, kwa jina la Tsavo ya Kenya alikokipata tena. Nacho ni mtoto wa matope yale yale, na ukijani wake umetokana na vanadi ile ile.

Historia ya kazi iliyofuata ni ndefu, nami nitaipita kwa muhtasari. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 migodi ilitaifishwa, uzalishaji ukadhoofu, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 maelfu ya vijana walikwisha kumiminika Mererani kutoka kila mkoa, na kwa ukaribu wake Machame, Hai na Moshi zilitoa wengi. Mwaka 1990 serikali iliwaondoa, ikapima eneo, ikaligawa katika vitalu vinne vya A, B, C na D. Katika kitalu C kampuni iliyotangulia ilikuja kwa ajili ya kinywe, si kwa ajili ya kito, na kwa kweli vyote viwili ni kurasa za kitabu kimoja. Vitalu B na D wakapewa wachimbaji wadogo, na humo ndimo yalimokua maisha ya wale waitwao Wanaapolo, jina ambalo hunasibishwa na safari za mwezini za Apollo, kwa kuwa mtu ashukaye katika shimo lile naye huaga watu kana kwamba anakwenda nje ya dunia.

Ni katika kazi yao ndipo mtu aonapo jinsi mwamba wa kale unavyomtawala aliye hai. Mwanaapolo hachimbi popote apendapo, hulifuata tabaka. Anajua kwamba kito hakimo katika marumaru tupu wala katika mwamba mweupe, bali hujificha katika naisi nyeusi yenye kinywe, pale ilipokunjwa na kuvutwa hata ikajaa uvimbe kama mkufu wa shanga zisizolingana. Na tabaka likishuka, naye hushuka, likipinda, hupinda, hata mashimo yakafikia mamia ya mita kwenda chini, na mengine kupenya katika eneo la jirani na kuzua ugomvi. Kwa miaka mingi mwenye mgodi hakumlipa mshahara, bali alimpa chakula na zana, na ahadi ya mgao jiwe likipatikana. Walikuwako watoto pia, walioitwa nyoka kwa kuwa miili yao midogo iliweza kupenya ambapo mtu mzima hakupenya, na ni aibu yetu sote tulioishi karibu kwamba neno hilo lilitamkwa kwa miaka mingi kama neno la kawaida. Mtu akipanda kutoka shimoni uso wake na mikono yake huwa imeng'ara kwa weusi wa kinywe. Na vumbi la mwamba, lililokuwa tope la bahari, hutua tena safari hii katika mapafu ya binadamu.

Na maji nayo yalirudi. Mwezi wa Aprili 1998, katika mvua za mwaka ule ambao wengi wetu tunaukumbuka kwa jina la El Nino, gharika iliingia migodini na makumi ya vijana wakafa. Na mwezi wa Machi 2008 jambo hilo hilo likatokea tena, na makumi wengine wakafa. Miamba iliyozaliwa chini ya maji ilifunikwa tena na maji, na safari hii ikiwa na watu ndani yake. Vijiji vingi vya mlimani vilipokea majeneza yaliyopanda kutoka upande wa chini, na marehemu hao wakazikwa migombani pamoja na wazee wao.

Zipo pia habari za neema. Mwaka 2018 ulikamilika ukuta wa kilomita 24 na ushei, uliojengwa na Jeshi la Kujenga Taifa kuzunguka vitalu vyote ili kuzuia utoroshaji. Na mwezi wa Juni 2020 mchimbaji mdogo wa Kimaasai, Saniniu Laizer, aliiuzia serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74, na nchi nzima ikafurahi kuona kwamba mwenye nyika naye amekula katika chungu cha nyika.

Lakini mgomba na tabaka si ndugu katika jambo moja kubwa. Mgomba ukikatwa huacha machipukizi shinani, na mtoto huendeleza kazi ya mama. Kwa hesabu hiyo kihamba kimoja kimelisha vizazi kwa vizazi. Tabaka halichipui. Bahari iliyolitandika imekwisha, milima iliyolipika imekwisha, na fuwele ikitolewa, mahali pake hubaki tundu. Kwa hiyo mali ya nyika haifai kutumiwa kwa mwendo wa mali ya mlima. Kila jiwe linalopanda kutoka Mererani na kuvuka mipaka bila ya kukatwa na mikono ya vijana wetu, bila ya kujenga shule wala zahanati kwa walioishi juu yake, ni urithi wa miaka milioni 585 uliotumiwa kwa alasiri moja. Wizara ya madini na wenye leseni wanalijua hilo. Ila nawausia zaidi walimu wa Hai na Moshi, ambao huwapandisha watoto mlimani kuwaonyesha theluji, wawateremshe pia Lelatema, wawaonyeshe naisi nyeusi kandokando ya njia, wawape kipande cha kinywe wakichore nacho karatasi, kisha wawaambie kwamba mkononi mwao wameshika uhai wa bahari iliyokuwapo kabla ya Afrika kuwa Afrika. Mtoto aliyeelewa hivyo hatalidharau jiwe, wala vumbi, wala mtu anayetoka shimoni akiwa mweusi uso mzima.

Desturi ya njia ya Machame ilikuwa njema, nami siombi ifutwe. Naomba itimizwe kwa haki yake. Ikiwa mkubwa ndiye anayestahili upande wa Kibo, basi ajapo jirani yetu kutoka chini, mwenye vumbi miguuni na miiba mkononi, tushuke kando, tumwachie nyika njia ya juu apite, kwa kuwa ndiye mzee.